Muulize Mwalimu: Je, ni kweli chuo cha Berea kiliwafukuza Weusi?

SWALI: Mwalimu, jambo. Dada yangu marehemu aliacha binti, nikamlea hapa Nguba mpaka mwaka wa nne wa humanite. Kisha akamfuata baba yake, aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi. Wanaishi Lexington, jimbo la Kentucky, ambako anasema Kiswahili anakisikia dukani kana kwamba yuko Kadutu. Majuzi akanipigia simu akilia kwa furaha: amekubaliwa kwenye chuo kinachoitwa Berea, na masomo hayalipiwi. Nikawaita majirani, tukaimba. Jioni shemeji yangu akaja na gazeti lenu la mwezi wa pili, akanisomea sentensi yako: "Mwaka mmoja baada ya Carter Woodson kuhitimu, chuo chake kiliwafungia mlango Weusi." Chuo chenyewe ndicho hicho Berea. Shemeji anasema mtoto wetu asiende kuomba elimu kwa watu waliotufukuza. Mimi nimekosa usingizi. Niambie ukweli wote.
Mama wa Nguba, Bukavu

JIBU: Mama, sentensi hiyo juu ya Carter Woodson, mwanahistoria Mweusi wa Marekani, niliiandika mimi, na niliikata fupi kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa. Niwie radhi. Leo nimemwomba mhariri aniachie nafasi, nami nitajibu kwa kirefu. Jambo moja kabla sijaanza: unamwita binti wa dada yako. Kwetu huyo ni binti yako, basi nitamwita hivyo.

Shemeji hakudanganya. Mwaka 1904 wanafunzi Weusi waliondoka Berea, na mlango haukufunguliwa tena mpaka 1950. Lakini kwa ile sentensi yangu ameingia kwenye habari hii kama mtu anayefika matangani siku ya tatu: anakuta watu wanalia, anakuta ndugu wawili hawasemezani, na anajijazia mwenyewe nani alimkosea nani. Tuanze siku ya kwanza.

Berea kilianzishwa mwaka 1855 na mchungaji John Gregg Fee. Baba yake alikuwa mwenye watumwa hukohuko Kentucky. Kijana alikwenda kusomea uchungaji, akarudi akisema kwamba kummiliki mtu ni dhambi, na baba yake akamnyima urithi. Kuhubiri neno hilo hadharani Kentucky wakati ule kulikuwa ni kutafuta kipigo, na Fee alikipata mara nyingi. Tajiri mmoja mpinga utumwa, Cassius Clay, akampa eka 10 za shamba kwenye wilaya ya Madison. Fee akapaita Berea, kutoka Matendo ya Mitume sura ya 17, ule mji ambao watu wake waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama waliyoambiwa ni kweli. Shule ilikuwa chumba kimoja. Neno la msingi la chuo linatoka sura hiyohiyo: kwamba Mungu aliwafanya watu wote wa dunia kwa damu moja.

Miaka minne tu ikapita. Oktoba 1859 John Brown alivamia ghala la silaha huko Harpers Ferry, Virginia, akitaka kuwakomboa watumwa. Akanyongwa. Hofu ikawashika wenye watumwa kila mahali, na mwezi wa Desemba watu wapatao 60 wenye silaha wakaja Berea juu ya farasi, wakawapa walimu siku 10 watoke jimboni. Wakatoka, wazee na watoto wachanga, katikati ya baridi, wakavuka mto kuingia Ohio. Sisi wa mji huu hatuhitaji kuelezwa habari hiyo. Kuna waliowahi kukimbia hapa bila kupewa hata saa moja.

Sasa sikiliza mahali ambapo mimi binafsi huwa ninasimama. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe Fee alikwenda kufanya kazi Camp Nelson, kambi ya jeshi ambako wanaume Weusi kwa maelfu walikimbilia kujiandikisha askari, maana aliyejiandikisha alipata uhuru wake. Kentucky haikujitenga na serikali ya Lincoln, kwa hiyo tangazo lake la 1863 la kuwaachia watumwa halikuigusa. Utumwa ulikwisha huko Desemba 1865 tu, katiba ilipobadilishwa. Fee aliwafundisha askari wale kusoma, na vita vilipokwisha aliwaalika waje Berea na familia zao. Mapema mwaka 1866 watoto Weusi wa kwanza waliingia darasani. Baadhi ya wanafunzi Wazungu waliinuka, wakachukua vitabu vyao, wakatoka. Shule haikubadilisha neno lake. Wengine kati yao wakarudi wenyewe. Na mwaka ule wa masomo ulipohesabiwa, wanafunzi walikuwa 187: Weusi 96, Wazungu 91.

Mama, nimefundisha historia miaka 34. Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyenyoosha mkono akidhani nimekosea tarakimu. Marekani? Mwaka mmoja tu baada ya utumwa? Weusi wengi kuliko Wazungu, darasa moja, meza moja ya chakula? Ndiyo. Na hawakuwa wanafunzi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 binti Mweusi aliyeitwa Julia Britton alifundisha muziki hapo, na waliomsikiliza walikuwa watoto wa rangi zote mbili. Askari mmoja wa Camp Nelson, Angus Burleigh, aliyekuwa mtumwa, alihitimu hapo mwaka 1875. Mambo haya yaliendelea miaka 38, katika jimbo la Kusini, wakati majirani pande zote walikuwa wanajenga shule mbilimbili.

Huyo Woodson niliyeandika habari zake mwezi wa pili ni mtoto wa mambo hayo. Alizaliwa Virginia mwaka 1875, wazazi wake wote wawili wakiwa wametoka utumwani. Alichimba makaa ya mawe huko West Virginia na akaingia sekondari akiwa na miaka 20. Vijana wanaoniambia kwamba miaka yao imeishia kwenye mashimo ya dhahabu ya Kamituga na sasa wamechelewa kusoma, huwa ninawatajia jina hilo. Berea alihitimu 1903, udaktari wa historia akaupata Harvard mwaka 1912, na Februari 1926 akaanzisha juma la historia ya Weusi, ambalo baadaye likawa mwezi mzima.

Nikifika hapa sipendi kuendelea, lakini umeomba ukweli wote. Mwaka 1892 chuo kilipata rais mpya, William Goodell Frost. Yeye aliwapenda mno Wazungu maskini wa milima ya Appalachia, watu waliosahauliwa kweli, wasio na barabara wala shule. Alizunguka miji ya Kaskazini akiomba fedha kwa ajili yao, na fedha zikaja. Wazungu wa milimani wakajaa chuoni. Weusi wakabaki chini ya mmoja kati ya watano. Ile hesabu ya 96 kwa 91 ikawa habari ya zamani. Fee alikuwa mzee wakati huo, alilalamika, na alifariki 1901. Kwa hiyo sitakuambia kwamba siku sheria ilipokuja ilikuta nyumba imesimama imara. Mlango ulikuwa tayari umeanza kusinyaa kutoka ndani, na ninamlaumu Frost kwa hilo hata nikijua alichokifanya baadaye.

Mwezi wa kwanza wa 1904 mbunge aliyeitwa Carl Day alipeleka muswada kwenye bunge la Kentucky. Ulikataza mtu, kampuni au chama chochote kuendesha shule inayopokea Weusi na Wazungu pamoja. Jimbo lote lilikuwa na chuo kimoja tu cha namna hiyo. Jina lake halikuandikwa ndani ya muswada, na halikuhitajika. Shule itakayokaidi itatozwa dola 1,000, kisha dola 100 kwa kila siku. Mwalimu atakayefundisha, adhabu ileile. Mwanafunzi atakayeketi, dola 50 kwa siku. Na kama chuo kitataka kuwafungulia Weusi tawi, tawi hilo liwe mbali, maili 25, yaani kilometa 40. Bunge likapitisha, gavana akatia sahihi, na mwezi wa saba sheria ikaanza kazi.

Niruhusu nisimame kidogo kwa jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mfagiaji katika shule moja ya watoto wa Wazungu hapa mjini, wakati Bukavu ikiitwa bado Costermansville. Alishuka kutoka Kadutu kwa miguu kabla ya jua, akafagia madarasa, akafuta mbao, na kengele ilipolia alitakiwa awe amekwisha kutoka uani. Vipande vya chaki vilivyobaki alivitia mfukoni. Mimi, binti yake wa pili, nilijifunza kuandika A na E kwenye sakafu ya udongo kwa chaki iliyoanguka mikononi mwa watoto nisiowahi kuwaona. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza: "Baba, nani alikukataza kuketi mle?" Alifikiri kwa muda, akaniambia: "Hakuna aliyenikataza, mama. Mlango ulijulikana tu." Alikufa hajawahi kuonyeshwa karatasi. Hapa kwetu mambo mengi ya rangi yalikwenda kwa mazoea, na mazoea hayana mtu wa kumshtaki. Chuo kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa 1954 kule Kimwenza na kupokea Waafrika na Wazungu pamoja, na kile cha Elisabethville mwaka 1956, baba alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu.

Ndiyo maana ninawaambia wanafunzi waishike ile karatasi ya Kentucky kwa mikono miwili. Ina jina, ina tarehe, ina bei. Hakuna awezaye kusema kwamba Weusi na Wazungu wa Berea walitengana kwa sababu ndivyo watu walivyo. Walikuwa wameishi pamoja miaka 38, na ili kuwatenganisha ilibidi bunge likae, lipige kura, na liweke faini.

Chuo kilikataa kutii kimyakimya. Kilishtakiwa, kikatozwa dola 1,000, kikapanda mahakama baada ya mahakama hadi Washington, kikashindwa mwaka 1908. (Habari ya mahakama nimemwekea kijana wa Goma hapa chini.) Lakini wanafunzi hawakuweza kungoja majaji. Weusi walifunga masanduku yao 1904. Chuo kiliwasaidia kwa fedha wakamalizie kwenye vyuo vya Weusi vya majimbo mengine, Fisk cha Nashville kikiwa kimojawapo. Huwa ninamfikiria mmoja wao, simjui jina, amebakiza mwaka mmoja, amesimama stesheni na sanduku, na rafiki yake Mzungu amekuja kumsindikiza. Siku ile wanaweza kushikana mikono. Wakirudi kuketi benchi moja, dola 50.

Kuna kanisa chuoni, linaitwa Phelps Stokes. Bibi tajiri alitoa fedha, akaweka sharti kwamba lijengwe kwa mikono ya wanafunzi. Wakalijenga. Lilikamilika 1906, na ndani ya jengo la chuo cha damu moja wakaingia kuimba Wazungu watupu.

Kwa Weusi, Berea ilichangisha fedha za kujenga shule nyingine. Zilipatikana dola 400,000, nusu yake kutoka kwa Andrew Carnegie, na Oktoba 1912 ikafunguliwa Lincoln Institute, karibu na Simpsonville, upande wa Louisville. Mmoja wa waliohangaika barabarani kuchangisha alikuwa mchungaji James Bond, Mweusi aliyehitimu Berea 1892. Usiidharau shule hiyo. Ilisomesha Weusi wa Kentucky zaidi ya miaka 50, na ndipo alipozaliwa Whitney Young, mwana wa mkuu wake, aliyekuja kuongoza National Urban League, chama cha kutetea Weusi, siku za mapambano ya haki za raia. Ila ilikuwa shule ya sekondari na ya ufundi. Ukitoa chuo kikuu ukarudisha sekondari hujalipa deni, na wazee Weusi wa wakati ule walilisema hilo waziwazi.

Mwaka 1949 Lyman Johnson, mwalimu Mweusi wa Louisville, alishinda kesi yake dhidi ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Mwaka uliofuata bunge lililegeza sheria ya Day: elimu ya ngazi iliyo juu ya sekondari ikaruhusiwa kuchanganya, kwa chuo kitakachotaka. Berea chini ya rais Francis Hutchins ikataka mara moja, mwaka huohuo 1950. Walioingia walikuwa wachache, wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kuhitimu kati yao, Jessie Reasor Zander, alivaa joho mwaka 1954, mwaka uleule mahakama ilipofuta utengano katika shule zote za serikali.

Mama wa Nguba, binti yako aende. Kwa shemeji mwambie hivi kutoka kwangu: watu wetu hawakuingia Berea kwa kuomba. Katika ule mwaka wa 1866 walikuwa wengi kuliko wenyeji. Mtoto anarudi mahali ambapo wakubwa wake walitolewa kwa nguvu ya sheria, na ana haki ya kupita mlango mkubwa. Akifika aulize kilipo kituo chenye jina la Carter G. Woodson, kipo hapohapo chuoni, kilianzishwa 2011 kwa ajili ya mambo haya haya ya watu wa rangi mbalimbali kusoma pamoja. Na aulize kuhusu Frost pia. Asikubali kuambiwa habari ya Fee peke yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Goma, mwaka wa pili. Umeandika mwezi wa pili kwamba ni sheria ya jimbo iliyotenganisha wanafunzi wa chuo cha Woodson. Lakini chuo hicho ni cha binafsi, na katiba ya Marekani ilikuwa tayari imeahidi usawa. Majaji walipitia wapi?
Kijana wa Himbi, Goma

JIBU: Walipitia dirishani, mwanangu. Umeuliza kama mwanasheria na nitajitahidi kujibu kama mwalimu.

Ahadi unayoisema ni marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868: jimbo lisimnyime mtu ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy iliyohusu mabehewa ya treni ya Louisiana, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kutenganisha si kubagua, mradi vitu viwe sawa. Huo ukawa uzio mrefu. Berea walipofika, wengi walidhani watapambana na uzio huo. Tarehe 9 Novemba 1908 Jaji David Brewer, akisema kwa niaba ya walio wengi, aliuzunguka. Hoja yake ilikuwa hii: chuo ni shirika lililosajiliwa, shirika limeumbwa na jimbo, aliyeumba anaweza kubadilisha masharti ya uhai wake. Kama mtu binafsi angeweza kuzuiwa kufundisha Weusi na Wazungu pamoja, alisema hapana haja ya kuliamua hilo leo. Akafunga jalada. Majaji wawili tu kati ya tisa walikataa.

Mmoja wa hao wawili ni John Marshall Harlan, na ninakuomba ukapate hukumu yake uisome yote. Alikuwa mtu wa Kentucky, familia yake ilikuwa na watumwa, na ujanani mwake yeye mwenyewe alipinga kuachiwa kwao. Ndiye aliyebaki peke yake akipinga ile hukumu ya Plessy. Katika kesi ya Berea alisema sheria ile haikutungwa kwa ajili ya mashirika. Ilitungwa ili watu wa rangi mbili wasikae pamoja, na kila mtu anajua. Kufundisha na kufundishwa, alisema, ni sehemu ya uhuru wa mtu. Kisha akauliza: jimbo likiweza kuwatenganisha darasani kwa hiari yao wenyewe, litashindwaje kesho kuwatenganisha katika shule ya Jumapili, kwenye meza ya Bwana, hata sokoni? Hakuna aliyemjibu.

Ulichotakiwa kukiona wewe mwanafunzi wa sheria ni hiki: mara nyingi Marekani jimbo lilitetea utengano kwa kusema Wazungu hawataki. Berea Wazungu walitaka, Weusi walitaka, chuo kilitaka, hakuna aliyelalamika ndani ya uzio. Jimbo ndilo lililokataa. Kwa hiyo ile hoja ya matakwa ya watu ilianguka yenyewe, na majaji wakatafuta ya usajili. Ukija kukaa kwenye kiti hicho siku moja, ujihadhari na hoja inayokurahisishia kutokumtazama mtu aliye mbele yako.

Sheria ya Day ililegezwa na bunge mwaka 1950, kama nilivyomweleza Mama wa Nguba, na ikafa kabisa kwa hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954, ile iliyofuta utengano katika shule za serikali, iliyotolewa na majaji wote tisa kwa sauti moja. Harlan alikuwa amekufa tangu 1911.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Jirani yangu ananiambia kuna chuo Marekani ambacho mwanafunzi halipi minervali, yaani ada ya shule. Mimi nina watoto watano, na hapa kwetu mzazi ndiye anayemlipa hata mwalimu wa serikali. Mtego uko wapi?
Baba wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Marahaba, baba. Sikulaumu kuuliza mtego. Mzazi aliyewahi kuona mtoto wake anarudishwa nyumbani siku ya mtihani kwa ajili ya minervali ana haki ya kutoamini neno "bure".

Ni hichohicho Berea. Tangu 1892 hakitozi ada ya masomo. Kimejiwekea akiba kubwa kutokana na watu waliokitolea kwa zaidi ya miaka mia, na faida ya akiba hiyo ndiyo inayolipa walimu. Hupokea watoto wa familia zenye kipato kidogo. Mtoto wa tajiri anaambiwa atafute kwingine. Ni chuo kidogo, wanafunzi kama 1,500. Chakula na kitanda ni hesabu nyingine, na hapo kila familia inaangaliwa uwezo wake, kwa hiyo jirani yako asome karatasi ya msaada mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi.

Sehemu ya pili ni kazi. Kila mwanafunzi, bila kumwacha hata mmoja, anafanya kazi ya chuo angalau saa 10 kwa juma, na analipwa kidogo. Usiifananishe na salongo ile ya zamani, kazi ya lazima ya umma, ambapo wakubwa walisimama pembeni wakitazama. Wengine wanafanya kazi maktaba, wengine shambani, wengine kwenye hoteli ya chuo, Boone Tavern, iliyofunguliwa 1909. Wengine wanasuka vitambaa. Na kuna karakana ya kutengeneza mifagio, ya tangu 1920, ambayo bado inafanya kazi: wanafunzi wanafunga mabua kwenye mpini kwa mkono, wanashona kwa uzi, wanakata ncha, na mifagio inauzwa.

Karakana hiyo nimeitazama kwenye picha mara nyingi, kwa sababu ya baba yangu. Fagio lake lilikuwa la njiti, alilifunga mwenyewe kwa kamba ya mgomba, na lilipochakaa alikata jingine njiani akishuka. Huko Berea msichana anayefunga fagio saa nne anaingia darasani saa tano, na jina lake limo kwenye orodha ya mwalimu.

Mwambie Mama wa Nguba, maana naona ni majirani mnaosikilizana, kwamba binti akishapangiwa kazi anijulishe ni ipi. Na kama atapita karibu na lile kanisa la Phelps Stokes, apige picha moja, si ya mnara; ya ukuta kwa karibu, matofali yaonekane. Nimelifundisha miaka 34 na sijawahi kuliona vizuri.